Chunusi Sugu na Makovu Yake: Soma Dalili Kabla ya Kubadilisha Dawa

Mtu mwenye chunusi sugu utamtambua kwa mfuko wake. Anauweka juu ya kaunta, anaufungua, na ndani mna tyubu sita, saba, nane. Moja imebinywa mara mbili ikaachwa. Nyingine haina lebo. Nyingine kapewa na binamu yake ambaye ilimponya. Kisha ananiomba jambo ambalo nimelisikia miaka yote niliyotoa dawa: "Nipe iliyo kali kuliko hizi."

Mara nyingi simpi. Namwomba anieleze habari za kila tyubu: aliipaka kwa muda gani, vipi, na uso ulijibu nini. Hapo ndipo chanzo hujitokeza. Ama dawa nzuri iliachwa kabla ya wakati wake, ama ngozi imeunguzwa kwa dawa nyingi, ama kilichoko usoni si chunusi kabisa, ama kuna kitu kinachoichokoza ngozi kila siku, ama ugonjwa uko chini sana kuliko krimu inapofika. Kila chanzo kina dalili zake, na kila kimoja kina njia yake.

Kwanza tuelewane kuhusu chunusi yenyewe. Kila kinyweleo kimekaa ndani ya kitundu chenye tezi ya mafuta. Homoni zikiongeza mafuta, na seli zilizokufa zikishikana badala ya kupukutika, kitundu huziba. Bakteria wanaoishi humo huongezeka, mwili unapambana nao, na hapo unaona uvimbe na usaha. Safari hiyo huchukua wiki nyingi. Kichunusi unachokiona kwenye kioo leo kilianza kuziba zamani, wakati ngozi ya juu bado ni laini. Ndiyo maana dawa inayozuia kuziba haiwezi kupimwa kwa siku saba.

"Nimepaka wiki tatu, hakuna kitu. Tena zimezidi."

Hili ndilo lalamiko la kwanza kwa wingi, na hapa ndipo dawa nzuri hutupwa. Dawa za kundi la retinoidi, kama adapalini na tretinoini, ndizo msingi wa tiba ya chunusi. Huzuia vitundu visizibe. Lakini katika wiki za mwanzo zinaweza kuharakisha vile vilivyokwisha kuziba vitoke nje, na uso ukaonekana umeharibika zaidi. Mtu anaogopa, anaacha, anahamia nyingine, na wiki tatu baadaye anaacha tena. Anaweza kuzunguka hivyo mwaka mzima bila kuitibu chunusi hata mara moja.

Kuchachamaa huko kwa mwanzo kuna alama zake. Vichunusi hutokea palepale vinapozoea kutoka, huwa vidogo, na hupita upesi. Kikitokea kitu tofauti, kwa mfano ngozi inawaka moto, inachubuka pembeni mwa pua na mdomo, au upele umetoka mahali ambapo hujawahi kuwa na chunusi, hiyo si hatua ya kupona. Ngozi imeungua au imeikataa dawa.

Mpe retinoidi wiki 12. Piga picha siku ya kwanza, kisha kila baada ya wiki nne, dirisha lilelile na saa ileile. Macho yanayojitazama kila asubuhi hayaoni mabadiliko ya polepole.

Namna ya kupaka ina uzito kuliko watu wanavyodhani. Osha uso usiku kwa sabuni laini, ufute, usubiri ukauke kabisa, maana ngozi yenye maji huiingiza dawa kwa nguvu na kuwasha. Toa kiasi cha punje moja ya njegere kwa uso mzima. Weka nukta moja paji la uso, moja kila shavu, moja kidevuni, kisha zisambaze. Usipake juu ya kichunusi peke yake, kwa sababu dawa hii inalinda vitundu ambavyo bado havijavimba. Anza usiku mbili au tatu kwa wiki, na ikibidi paka losheni ya kulainisha kwanza ndipo dawa ifuate. Mwanamke aliye mjamzito au anayetafuta mimba asitumie retinoidi. Asidi ya azelaiki ni mbadala ambao madaktari huukubali.

Mwenzake retinoidi ni benzoili peroksaidi, inayoua bakteria bila kuwafanya sugu. Watu hukimbilia ile ya asilimia 10 wakiamini ndiyo dawa yenyewe. Ya asilimia 2.5 hufanya kazi inayokaribiana nayo, na haichomi sana kama hiyo. Paka asubuhi, retinoidi usiku, hasa ikiwa unatumia tretinoini, kwa kuwa tretinoini nyingi huharibika zikikutana nayo. Tumia taulo nyeupe na fulana kuukuu, kwa sababu benzoili peroksaidi hupausha rangi ya vitambaa bila huruma.

Ukikuta kwenye mfuko wako klindamaisini ya kupaka ikiwa peke yake, huenda hiyo ndiyo sababu ya "ilifanya kazi mwanzoni ikaacha." Antibaiotiki ya kupaka haitakiwi kusimama bila benzoili peroksaidi. Bakteria huizoea.

"Uso unawaka, unavuta, lakini bado unang'aa mafuta"

Muulize mtu huyu anaosha uso mara ngapi. Atasema nne, au tano. Ana sabuni ya kuua vijidudu, ana kitu chenye chembechembe za kusugulia, ana tona yenye spiriti, na usiku anaweka dawa ya meno juu ya kila kichunusi. Chunusi hazitokani na uchafu, na hata vile vichwa vyeusi si taka: ni mafuta na seli zilizogeuka rangi baada ya kukutana na hewa. Kusugua kunang'oa tabaka la juu linaloshika maji ndani ya ngozi, ngozi inavimba, na vichunusi vidogo havikomi.

Tiba yake inawauma watu kuliko krimu yoyote, kwa sababu ni kuacha. Wiki mbili hadi nne, simamisha kila kitu. Osha mara mbili kwa siku kwa sabuni isiyo na manukato, paka losheni isiyoziba vitundu, na mchana kinga ya jua. Ngozi ikitulia, yaani losheni haiwashi tena ukiipaka, rudisha dawa moja. Moja tu. Ya pili isubiri wiki mbili au tatu, ili kikitokea kitu ujue nani kakifanya.

"Vyote vinafanana, na vinawasha"

Mama mmoja alimleta mwanawe wa miaka kumi na saba. Kijana alikuwa amekunywa antibaiotiki kwa mwezi na nusu na hali ilikuwa imezidi. Nilimwomba asogee karibu na mwanga. Paji lote la uso lilijaa vipele vya ukubwa mmoja, kana kwamba vimepimwa kwa kijiko kimoja. Hapakuwa na kichwa cheusi hata kimoja. Nikamuuliza, "Mwanangu, vinakuwasha?" Mama ndiye aliyejibu: "Hujikuna usiku kucha. Na mgongoni ndiyo usiseme."

Chunusi huuma, mara chache huwasha namna hiyo. Tena chunusi huchanganyika: vyeusi, vyeupe, vyenye usaha, vikubwa kwa vidogo. Vipele vya ukubwa mmoja vinavyowasha, kwenye paji la uso, kifua na mgongo, hasa kwa mtu anayetoka jasho sana au aliyekuwa kwenye antibaiotiki, ni dalili ya fangasi waliovamia vitundu vya vinyweleo. Antibaiotiki huwaua bakteria wanaowabana fangasi hao, kwa hiyo huwapa nafasi. Shampuu ya ketokonazoli, dawa ya fangasi, ya asilimia 2, ikipakwa kama povu na kuachwa dakika tano kabla ya kusuuza, mara nyingi huonyesha tofauti ndani ya wiki chache. Walioenea sana huhitaji vidonge, na hivyo viandikwe na daktari, kwa sababu huweza kugongana na dawa nyingine na kuligusa ini.

"Kuna krimu iliyoziondoa kwa siku tatu. Nikiiacha zinarudi kwa hasira."

Nikisikia sentensi hii naomba tyubu yenyewe niisome. Tafuta majina haya kwenye viambato: klobetasoli, betamethasoni, fluosinoloni, deksamethasoni, mometasoni. Ni steroidi. Hupunguza uvimbe na wekundu haraka ajabu, na ngozi huonekana imetakata. Baada ya wiki au miezi, ngozi inakuwa nyembamba, mishipa midogo inaonekana mashavuni, vipele vya rika moja vinatoka kuzunguka mdomo na pua, na uso hauwezi tena kukaa siku mbili bila hiyo krimu. Huo ni upele unaoletwa na krimu yenyewe.

Steroidi hujificha pia ndani ya krimu "za mchanganyiko" zenye dawa ya fangasi na ya bakteria kwa pamoja, na ndani ya krimu za kung'arisha ngozi ambazo lebo yake haitaji chochote. Baadhi ya hizo za kung'arisha zina zebaki, sumu inayoweza kuharibu figo. Mkataba wa Minamata wa 2013 uliweka mwaka 2020 kuwa mwisho wa kutengeneza, kuingiza na kuuza nje ya nchi vipodozi vyenye zebaki zaidi ya sehemu 1 kwa milioni, na bado vinauzwa. Krimu isiyo na orodha ya viambato usiiweke usoni, hata kama aliyekupa anakupenda.

Kuiacha steroidi ni kazi, na nasema hivi kwa sababu nimewaona wengi wakirudi nyuma siku ya tano. Uso utawaka, utavimba, utatoa vipele kuliko mwanzo, na hali hiyo inaweza kudumu wiki hadi miezi. Mwone daktari wa ngozi kabla ya kuacha, hasa ikiwa umeitumia muda mrefu. Anaweza kukushusha polepole na kukupa dawa za kutuliza njiani.

Mahali zinapotoka pana maneno

Zikikusanyika kwenye mpaka wa nywele na paji la uso, tazama kwanza mafuta ya nywele. Mafuta mazito huteremka na jasho na kuziba vitundu. Yaweke mbali na ngozi na ubadilishe foronya mara kwa mara. Zikiwa chini ya mkanda wa helmeti, chini ya barakoa au chini ya mkoba wa mgongoni, ni msuguano na joto.

Kwenye ndevu na shingo ya mwanamume mwenye nywele za kujikunja, mara nyingi ni nywele zilizokatwa fupi mno zikachoma ngozi na kuingia ndani. Dawa ya chunusi peke yake haimsaidii. Anayeacha ndevu zibaki na urefu wa milimita moja hivi, asinyoe kinyume na uelekeo wake, hupona kuliko anayebadilisha krimu. Vinundu vigumu kisogoni ni ndugu wa tatizo hilo, lakini hugeuka makovu makubwa, kwa hiyo visisubiriwe.

Vinavyotoka kwapani, kwenye kinena au chini ya matiti, vinavyotoboka na kurudi palepale, ni ugonjwa mwingine. Nenda kwa daktari, usivitumbue.

Na mwanamke mwenye vinundu kidevuni na kwenye taya, vinavyoamka kabla ya hedhi, ana chunusi zinazoendeshwa na homoni. Anaweza kupaka dawa sahihi kwa uaminifu na bado akashindwa. Vidonge vya uzazi wa mpango vyenye homoni mbili, au spironolaktoni, kidonge kinachozuia homoni za kiume, humfaa, kwa usimamizi wa daktari. Spironolaktoni haitumiwi katika ujauzito. Hedhi ikiwa inaruka miezi, nywele zikiota kidevuni na kifuani, aombe uchunguzi wa ovari zenye vifuko vingi.

Ongeza hapa dawa unazokunywa kwa ugonjwa mwingine. Lithiamu, vidonge vya steroidi, baadhi ya dawa za kifafa na isoniazidi ya kifua kikuu zote zinaweza kuleta vipele vinavyofanana na chunusi. Usiache kuzinywa kwa uamuzi wako, mweleze aliyekuandikia.

"Nimefuata kila kitu. Bado vinundu vikubwa vinauma na vinaacha mashimo."

Hapa nabadilisha sauti. Yote niliyosema kuhusu subira ni kwa chunusi ambazo haziachi makovu. Ikiwa kila kinundu kinachopona kinaacha shimo, usikae wiki 12 kwa krimu, kisha 12 nyingine kwa krimu nyingine. Kila mwezi wa kuchelewa unachongwa usoni. Nenda kwa daktari wa ngozi sasa.

Huenda akaanza na antibaiotiki ya kumeza, mara nyingi doksisaiklini, pamoja na retinoidi na benzoili peroksaidi. Hiyo ni daraja la miezi mitatu au minne, si makazi. Aliyekaa nayo mwaka mzima amekwama.

Au atataja vidonge vya isotretinoini. Iliidhinishwa Marekani mwaka 1982, na hadi leo ndiyo dawa inayogusa vyanzo vyote vya chunusi kwa pamoja: hupunguza tezi za mafuta, huzuia kuziba, hupunguza bakteria na uvimbe. Dozi ya kawaida ni miligramu 0.5 hadi 1 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, na madaktari wengi hulenga jumla ya miligramu 120 hadi 150 kwa kilo katika matibabu yote, kwa kawaida miezi kadhaa. Wengi hupona moja kwa moja. Wengine hurudiwa na kuhitaji awamu ya pili.

Masharti yake si ya kujadili. Huharibu vibaya mtoto aliye tumboni, kwa hiyo mwanamke anayeweza kushika mimba hupimwa kabla, hutumia kinga ya uhakika wakati wote wa matibabu na mwezi mmoja baadaye. Damu hupimwa kuangalia ini na mafuta. Haichanganywi na doksisaiklini, kwani kwa pamoja huweza kupandisha shinikizo ndani ya kichwa. Midomo itakauka na kupasuka karibu kwa kila mtu. Ukiona moyo umeingia giza, usingizi umekimbia, au mawazo ya kujidhuru, mpigie daktari siku hiyohiyo. Usinunue vidonge hivi kienyeji hata kama jirani yako vilimponya.

"Chunusi zimeisha, lakini uso umebaki na alama"

Kabla ya kutafuta dawa ya makovu, fanya jaribio hili. Zima taa, simama mbele ya kioo, washa tochi ya simu uielekeze shavuni kutoka ubavuni, karibu na sikio. Alama inayotupa kivuli ni shimo. Isiyotupa kivuli ni doa. Iliyoinuka utaihisi kwa ncha ya kidole. Watu wengi walionijia wakilia makovu walikuwa na madoa, na walipojua hivyo mabega yao yalishuka.

Doa jeusi au la kahawia ni rangi iliyomwagika wakati ngozi inavimba. Hufifia lenyewe kwa miezi, na lililo ndani zaidi huchukua hata zaidi ya mwaka. Kazi yako ni kulisaidia na kutoliongeza. Kinga ya jua ya SPF 30 au zaidi kila siku ndiyo nusu ya tiba. Kwa ngozi nyeusi chagua yenye rangi, iliyo na oksaidi za chuma, kwa sababu hata mwanga wa kawaida unaoonekana huzidisha madoa. Asidi ya azelaiki ya asilimia 15 hadi 20 hushughulikia chunusi na madoa kwa mkupuo mmoja, na retinoidi ile ya usiku iendelee. Hidrokwinoni, dawa ya kufifisha rangi ya ngozi, ya asilimia 4 inafaa kwa miezi michache chini ya daktari. Ikitumiwa miaka inaweza kuleta weusi wa bluu na kijivu usiotoka. Na kila dawa inayokuchoma inatengeneza doa jipya, hivyo taratibu ndiyo njia ya mkato.

Shimo ni habari nyingine. Pale nyama imepotea, na hakuna krimu inayojaza. Sasa livute shavu kwa vidole viwili, juu na chini. Mabonde mapana yanayopotea ukivuta yameshikwa na nyuzi chini ya ngozi. Daktari huzikata kwa sindano. Vitundu vyembamba na virefu, kama vimetobolewa kwa msumari, havipotei; hutiwa tone la asidi kali ndani ya kila kimoja, au hukatwa kabisa na kushonwa. Mashimo mapana yenye kingo zilizosimama huitikia sindano ndogondogo za kuchochea ngozi au leza. Uso mmoja huwa na aina zote tatu, kwa hiyo anayekuahidi kuzimaliza kwa mashine moja hajakutazama vizuri. Tarajia vipindi vitatu hadi sita, kama mwezi mmoja kati yake, na matokeo ya kupungua, si kufutika.

Mwenye ngozi nyeusi aulize kabla ya leza: "Umewatibu watu wenye ngozi kama yangu? Utajaribu kwanza sehemu ndogo?" Leza isiyopimwa vizuri huacha madoa mabaya kuliko kovu lenyewe. Sindano ndogondogo kwa kawaida huwa na hatari ndogo ya hilo, lakini si zile roli za kujifanyia nyumbani. Na chunusi ziwe zimetulia kwanza, la sivyo unaziba shimo huku jipya linachimbwa.

Makovu yaliyoinuka hutokea zaidi kwenye taya, kifua na mabega. Bamba au jeli ya silikoni, ikikaa saa 12 au zaidi kwa siku kwa miezi miwili mitatu, huyalainisha. Yanayoendelea kukua nje ya mipaka ya kidonda huchomwa sindano ya triamsinoloni, aina ya steroidi, kila wiki nne hadi sita. Usikubali yakatwe tu bila tiba nyingine kufuata. Mara nyingi hurudi makubwa kuliko yalivyokuwa.

Siku ya kumwona daktari

Nenda bila vipodozi usoni. Beba mfuko wako wote, hata tyubu isiyo na lebo na ile unayoionea aibu, hasa hiyo. Andika kila moja uliitumia wiki ngapi. Beba picha za wiki nne nne, tarehe za hedhi ikiwa zinakuhusu, na majina ya dawa zote unazokunywa. Ikiwa kuna mtu wa familia mwenye makovu yanayokua, sema kabla sindano yoyote haijagusa ngozi yako.